Mji Usiomwacha Mtu Nyuma

Watu wenye akili zao wakimpata ndugu aliyeko Marekani kwenye simu, huuliza habari za mshahara, kodi ya nyumba na shule za watoto. Mume wangu Ezéchiel alikuwa na swali lake moja tu. Alimwacha mtu amalize salamu, amalize kulalamikia baridi na bosi wake, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa: "Sasa kule, batu banatembea namna gani? Mbio ao polepole?"

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na kisu cha kitunguu mkononi, natamani kumpokonya simu. Salio linateketea, na mtu wa Marekani upande wa pili anacheka, anadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo.

Ulikuwa mwaka 2013. Tulikuwa tunaishi Glenwood, mtaa mmoja wa Durban, chumba cha nyuma katika nyumba ya zamani iliyojaa wanafunzi wa chuo, na faili letu la kwenda Marekani, lililolala ofisini hadi tukalisahau, lilikuwa limeamka. Tulipigiwa simu tujiandae kwa usaili wa mwisho, na tufikirie mji ambako tuna ndugu au rafiki, kwa sababu tutaulizwa. Nililia kwa furaha palepale saluni, mteja wangu akabaki na nusu ya kichwa haijasukwa. Nilipompa Ezéchiel habari, alisema kwamba ataenda ikiwa tutapata mji ambao watu wake wanatembea polepole. Tukiukosa, yeye anabaki Durban. Na faili lilikuwa kwa jina lake. Yeye akibaki, mimi na mtoto wetu Anaïs tunabaki pia.

Sababu ilikuwa Armel, mdogo wake. Armel alikuwa amekufa.

Ndugu hawa wawili walizaliwa Bukavu, vita vikawatawanya. Ezéchiel alishuka kusini kupitia Zambia mpaka hapa. Armel alikimbilia Nairobi, akakaa huko miaka mingi akiuza makava ya simu barabarani, mpaka pikipiki ikamgonga na mfupa wa mguu ukaungwa vibaya. Alipotufikia Durban alikuwa anaburuta mguu wa kushoto, lakini mdomo wake haukuburuta chochote. Alikuwa mcheshi, mlaji, mwimbaji wa bafuni. Nilimpenda shemeji yangu yule, nasema wazi. Yeye na kaka yake walipata kazi pamoja ya kulinda malori Clairwood.

Mwezi wa tano mwaka 2008, wakati wageni walipokuwa wanapigwa huku na kule katika nchi hii, wao walikuwa wanarudi nyumbani kwa miguu, mchana kweupe. Nyuma yao likatokea kundi la watu wenye fimbo na mawe. Ezéchiel alikimbia. Alidhani Armel yuko nyuma yake, na kweli alikuwa nyuma yake, ila mbali. Akasikia anaitwa: "Yaya, chunga!" Kwetu Bukavu yaya ni kaka mkubwa, na kumchunga mtu ni kumsubiri. Ezéchiel hakusimama. Alipojibanza kwenye uzio wa ghala moja na kugeuka, barabara ilikuwa imejaa migongo ya watu, na Armel hakuonekana tena.

Tulimzika, na Ezéchiel akabaki mtu mzima mwenye kula na kwenda kazini. Alihamia kwenye ghala moja Mobeni, kupanga maboksi. Kitu kilichobadilika ni mwendo wake. Alianza kutembea kwa mwendo wa mtu mwenye mguu mbovu. Taa za barabarani hapa tunaziita robot, na Ezéchiel akishavuka robot alisimama ng'ambo, akageuka, akangoja kidogo, ndipo akaendelea. Durban ina robot nyingi kuliko subira yangu. Ndani ya taxi, ambazo hapa ni basi ndogo za abiria, alikaa kiti cha nyuma na kuacha nafasi ubavuni, mpaka konda amfokee asogee. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nikawa namtangulia, nafika nyumbani, napika, napakua, naye bado yuko njiani na marehemu wake.

Nilimuuliza mara moja kama anamwona. Akasema hamwoni, anamsikia. Mguu unaoburutwa una sauti yake, alisema, na sauti ile haijawahi kumfikia. Iko umbali uleule siku zote, na yeye akiongeza mwendo inapotea. Kwa hiyo haongezi.

Basi tukaanza kuitafuta Marekani ya polepole. Nami niliingia katika wazimu huo, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoachiwa.

Tulianza na New York, kwa Peguy, rafiki wa Ezéchiel tangu shule ya msingi, anayeosha vyombo kwenye hoteli moja kubwa. Peguy aliongea nasi huku anatembea, tukamsikia anavyohema. Alisema kule ukisimama katikati ya njia kusoma jina la barabara, wanakupiga kikumbo na kukupita, na neno pole husikii. Watu wanakula wakitembea. Taa nyekundu ni habari ya magari, wao wanavuka tu. Kwenye ngazi zile zinazojiendesha zenyewe, anayetaka kusimama akae kulia, kushoto ni kwa wenye haraka, kana kwamba ngazi yenyewe haiendi. Mtu akianguka, alisema, watu wanagawanyika kama maji kwenye jiwe na kuungana tena mbele. Ezéchiel alimshukuru, akakata simu, na kwake mji wote wa New York ukawa umekwisha.

Chicago kulikuwa na Constance, binti wa mama yangu mdogo. Nilimtumia ujumbe mapema nikamsihi aseme kwamba watu wa Chicago ni wapole na hawana haraka. Akasema hivyo, maskini, halafu akaendelea kueleza jinsi upepo wa ziwani unavyochapa uso, jinsi kila mtu anavyoinamisha kichwa na kukimbia kutoka mlango hadi mlango, na jinsi mwenye kuteleza kwenye barafu anavyoachwa ajiinue mwenyewe. Huyo ndiye Constance, hawezi kubeba uongo hadi mwisho wa sentensi. Ezéchiel aliuliza wenye mguu mbovu wanafanyaje kwenye barafu. Constance akasema hajui, hajawahi kuwaona nje.

Houston ilinipa matumaini. Anatole, aliyekuwa akisali nasi hapa kabla hajaondoka, alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyetoka kulala, na kila tulipompigia tena sauti ikawa ileile. Mji ule ulikuwa umemlainisha. Alisema wauza duka wanakusalimu, wanakuuliza habari za mtoto, foleni inasubiri na hakuna anayenuna. Nikamwona mume wangu amejiweka vizuri kwenye kiti. Mimi nikaanza kuiona nyumba yetu, pazia na vyote, Anaïs na mkoba wa shule. Kisha Ezéchiel akauliza kama watu wengi wanatembea barabarani.

"Yaya, hapa hakuna mutu anatembea kwa muguu," Anatole akajibu. "Ukitembea kwa muguu, batu banafikiri gari yako imekufa. Kila mutu iko ndani ya voiture yake."

Ezéchiel aliweka simu mezani kifudifudi. Akaniambia kwa upole, jinsi mtu anavyompa mgonjwa majibu, kwamba gari halimngoji mtu.

Nikamwambia basi twende Los Angeles, maana wanasema kule magari yenyewe yamesimama kutwa kwa foleni, hata mwenye magongo anaweza kuyapita. Nilisema kwa hasira. Yeye hakusikia hasira. Alilifikiria jambo lile kwa muda, akikuna kidevu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Niseme na yangu. Mimi New York iliniingia rohoni siku ileile ya Peguy. Nilizaliwa na haraka, mama alisema hata tumboni nilikuwa nagonga. Nasuka kichwa cha rasta wakati wenzangu bado wanachana. Hapa Durban, kwenye West Street, huwa nachepuka katikati ya watu wanaotembea wawili wawili wameshikana kama maarusi, nikitukana kimoyomoyo. Mji ambao kila mtu anakwenda mahali na anataka kufika, huo ulikuwa mji wangu. Lakini nilikuwa tayari kwenda hata kwenye mji wa makobe, mradi niwe mbali na barabara ya Clairwood na mbali na ule mguu.

Wakati huo Anaïs alikuwa na miaka minne. Alizaliwa baada ya Armel kuzikwa, na picha ya Armel haikuwepo ukutani kwa sababu baba yake hakuweza kuiangalia. Jumapili moja tunatoka kanisani, mimi niko mbele kama kawaida yangu, nikageuka nikamwona mtoto ameushikilia mlango mzito kwa mikono yote miwili. Watu wote walikuwa wameshatoka. Nikamwambia auachie.

"Chunga, mama," akaniambia. "Tonton hayafika."

Tonton kwetu ni baba mdogo au mjomba, nami nikamuuliza tonton gani. Alikuwa anaangalia ndani ya kanisa tupu, chini, usawa wa miguu ya mtu. Kisha akauachia mlango taratibu, jinsi unavyouachia mtu akishapita. Jua la Durban lilikuwa kali siku ile, nami nikamnyanyua mtoto, nikamfunika kwa kanga yangu kana kwamba kuna baridi.

Nilipofika nyumbani nilimvunjia heshima mume wangu. Nilimwambia kwamba yeye akitaka ajizike na ndugu yake, lakini mwanangu hazikwi pamoja nao. Nilimuuliza alimwambia nini mtoto. Akaapa kwamba hajawahi kulitaja jina la Armel mbele ya Anaïs hata mara moja, na nikamwamini, kwa sababu Ezéchiel hana uongo. Hilo lilikuwa baya zaidi. Nikamsihi atuondoe, mji wowote, hata kesho.

"Nilimuacha kwa barabara moja, Larissa," akasema. "Sasa unataka nimuache na bahari muzima katikati?"

Siku zilizobaki zilikuwa chache, na nilikuwa nimeanza kumchukia marehemu niliyempenda.

Jambo lililofuata lilitokea saluni. Tukimaliza kusuka rasta, tunachovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke, na siku ile aliyekuwa anabeba birika ni Ernestina, Mkenya wa Kakamega, mwanamke mwenye nguvu na sauti ya kutosha. Nilikuwa nimempa mgongo. Akateleza kwenye nywele zilizomwagika sakafuni, akapiga kelele: "Chunga!"

Nami nikachunga. Nilisimama pale nilipo, nikitulia kabisa, nikimsubiri dada wa watu afike na birika lake. Maji yakanimwagikia mguuni kutoka kifundoni hadi vidoleni.

Walinikalisha, wakanimwagia maji baridi, na Ernestina huku analia ananigombeza. Alikuwa ameniambia nichunge, kwa nini nilisimama kama nguzo? Nikamwambia nilisimama kwa sababu aliniambia nisimame. Tukabaki tunaangaliana. Ndipo akanieleza, kwa maneno ya kumwelewesha mtoto, kwamba kwao Kenya mtu akikuambia chunga anakuambia jihadhari, ondoka hapo, kuna hatari. Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka, wala mguu sikuusikia tena. Nilikuwa naifikiria Nairobi, na miaka yote ile aliyokaa Armel.

Nilichechemea hadi nyumbani, nikakuta Ezéchiel ndiyo kwanza anafika kutoka Mobeni. Nilimkalisha kabla hajavua viatu. Nilimwambia kila kitu, birika, kelele, Ernestina, na kwamba Armel aliishi na watu wa Nairobi muda mrefu kuliko alivyoishi na sisi. Kwa hiyo siku ile hakuwa anasema nisubiri. Aliona watu wanakuja, akamwonya kaka yake akimbie. Ezéchiel alikimbia kwa sababu mdogo wake alimwambia akimbie. Alikuwa amemtii.

Aliinama akafungua kamba za kiatu kimoja, akaziacha. Halafu akaniuliza lile ambalo nilikuwa naliogopa tangu niko njiani.

"Mama Anaïs, wewe ulikuwa na yeye hapa nyumbani kila siku. Armel akisema chunga, alikuwa anasema nini?"

Nilikumbuka yote. Nilimkumbuka akinipokonya kikombe cha chai na kusema chunga, iko moto, ambayo ni ya Nairobi na ya Bukavu, ichukue utakavyo. Lakini nilimkumbuka pia bafuni, mimi nagonga mlango nimechelewa kazini, yeye anaimba na kunijibu kwa raha zake: chunga kidogo, shemeji. Hiyo haikuwa na pande mbili, ilikuwa subiri tu. Nilimwangalia mume wangu machoni.

"Alikuwa anasema angalia," nikamwambia. "Kila siku. Angalia, jilinde."

Akaitikia kwa kichwa. Alinifunga mguu kwa kitambaa safi, akanipikia, na hatukuongea tena habari ile.

Kesho yake alitoka kwenda kazini kwa mwendo ambao nilikuwa nimeusahau. Nilimwangalia kutoka dirishani. Alifika kwenye robot, ikamruhusu, akavuka, akaendelea. Hakugeuka. Jumapili, Anaïs aliposimama tena kwenye mlango wa kanisa, baba yake alimshika mkono akamwambia twende, na mlango ukajifunga wenyewe kwa kishindo. Mtoto alilia njia nzima. Mimi nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na kitu ndani yake kinachokwaruza, na nilipokuwa nyuma yao kwa sababu ya mguu wangu uliofungwa, sikupenda kuwa mtu wa mwisho. Kila nilipokanyaga nilisikia kandambili yangu inaburutika. Nilijiambia ni kandambili.

Siku ya usaili tulivaa nguo za kanisani. Chumba kilikuwa katika jengo la mjini, na msaili alikuwa Mmarekani kijana mwenye nywele fupi, anayeongea haraka na kuandika haraka zaidi. Mkalimani alikuwa Sesilia, mama wa Kigoma, mpole, mwenye miwani. Tuliinua mkono wa kulia, tukaapa mbele za Mungu kusema kweli. Anaïs alikuwa amelala mapajani mwangu.

Maswali yalikwenda vizuri hadi msaili alipofika kwenye jina la Armel. Alikuwa katika faili la kwanza, na sasa hayupo, alitaka kujua kwa nini. Ezéchiel alimweleza, na Sesilia akawa anamfuata sentensi kwa sentensi. Clairwood, kundi la watu, fimbo, mbio. Kisha Ezéchiel akasema kwamba ndugu yake alimwita: Yaya, chunga.

Sesilia hakusita hata kidogo. Alimwambia Mmarekani kwa Kiingereza kwamba mdogo wake alipiga kelele kumwonya ajihadhari. Nilishusha pumzi. Niliona kama Mungu mwenyewe ametumia kinywa cha mama wa watu kuufanya uongo wangu kuwa kweli, na ukishaandikwa na Mmarekani hauondoki tena.

Ezéchiel aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Apana, mama," akamwambia Sesilia. "Si vile. Alisema nimungoje. Na mie sikumungoja."

Sesilia alinitazama mimi, akamtazama yeye. Mmarekani aliuliza kuna nini. Na Ezéchiel, ambaye kwa kazi ya ghalani Kiingereza chake kinatosha, alimweleza mwenyewe, polepole, kwamba ndugu yake alimwomba amsubiri na yeye alikimbia. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiyatamka maneno hayo mbele ya mtu mwingine. Mmarekani aliacha kuandika. Akasema pole, akainamisha kichwa, kisha akaandika.

Mimi nilikuwa natazama meza, uso unaniwaka. Ezéchiel akaniinamia.

"Ulitaka kunisaidia, najua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mie hakunisemeshaka Kikenya hata siku moja. Alikuwa ndugu yangu."

Kumbe alijua tangu jioni ile ile, kabla hajanifunga kitambaa. Nilimnong'oneza kwa nini basi alitembea haraka siku zote zile. Akasema kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili yangu pia, alitaka kuona kama ataweza. Nikamuuliza kama aliweza. Akasema hapana, ilikuwa kama kumwacha kila asubuhi.

Msaili akageuza ukurasa. Aliuliza mji. Nilifunga macho, nikingoja Ezéchiel amwambie kwamba hakuna mji, kwamba tunarudi Glenwood.

"New York," akasema Ezéchiel.

Nilidhani amekosea jina. Hata Sesilia alisahau kutafsiri, akamuuliza kama mwanadamu wa kawaida kwa nini kule, maana amesikia ni mji wa fujo. Ezéchiel akamweleza kwamba ameyafikiria yote aliyosikia kwenye simu. Kwenye mji wa polepole yeye angetembea kama wengine wote, na anayemtafuta asingemtambua.

"Kule bote banakimbia," akasema. "Mie nitasimama. Mwenye kusimama ataonekana toka mbali."

Sesilia alivua miwani akaifuta. Akamwambia Mmarekani kwamba mteja ana rafiki wa utotoni katika mji huo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mmarekani akaandika New York. Basi, nikawaza, tumekwishapita. Nilimbusu Anaïs kwenye nywele, nikaanza kulia bila sauti, kwa shukrani, kwa aibu, sijui.

Lilibaki swali dogo la mwisho, ambalo kijana yule alilisoma bila hata kutuangalia, kama alivyowasomea, bila shaka, wote waliotutangulia. Sesilia akatufasiria. Je, katika familia kuna mtu yeyote mwenye shida ya kutembea? Wanataka kujua mapema ili asaidiwe kwenye viwanja vya ndege, asiachwe.

Nilimwona Ezéchiel anafungua mdomo. Ninaujua mdomo ule. Ulikuwa umeapa, na dakika chache nyuma ulikuwa umerudisha neno moja mahali pake bila kujali litatugharimu nini. Aliangalia upande wake wa kushoto, kwenye nafasi kati ya kiti chake na ukuta, akavuta pumzi ajibu.

"Hapana," nikasema mimi. "Hakuna."

Sauti yangu ilitoka haraka na kubwa, mpaka Anaïs akaamka. Aliangalia mlangoni, akaanza kunyoosha mkono, nikamkumbatia kwa nguvu uso wake ukiwa kifuani kwangu. Mmarekani alitia alama, akapanga karatasi zake, akatabasamu, akasema tumemaliza.

Ezéchiel alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekaa mahali pabaya peke yake kwa muda mrefu na sasa anamwona mwenzake anaingia. Akanishika mkono chini ya meza. Tulikuwa wawili sasa tuliomwacha.

Nikaendelea kumtazama yule Mmarekani usoni. Sikugeuka nyuma.